Mkono wa Nani Ulipima Jora?

Kabla yadi na mita hazijazoeleka, nguo Afrika Mashariki ilipimwa kwa mkono: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja, mikono minane ikawa doti, na doti kadhaa zikafanya jora. Ni kipimo kizuri, maana hakuna anayekisahau nyumbani. Lakini muuzaji akiwa mfupi na mnunuzi akiwa mrefu, hapo tayari kuna kesi. Na jora lenyewe halikuwa na urefu mmoja. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliona haja ya kueleza vipimo hivi kwa urefu katika maandishi yake, kwa sababu msafiri asiyevijua angeliwa mchana peupe.

Mimi ni mtu wa Modogashe. Mji wetu uko pale Garissa, Wajir na Isiolo zinapogusana, kwenye barabara ya kutoka Isiolo kwenda Wajir na Mandera. Hatuna kiwanda cha nguo, wala hatujawahi kuwa nacho. Lakini tembea sokoni uone: macawis za wanaume, baati na garbasaar za akina mama, shuka, jezi, sare za shule. Karibu zote zimevuka bahari. Kila moja ina mkataba nyuma yake, ulioandikwa au wa mdomo, na kila mkataba una mtu aliyebeba hasara mambo yalipoharibika. Nataka kumfuata mtu huyo. Kila zama amekuwa mtu tofauti, na ukimjua utajua nguvu iko wapi katika biashara ya nguo.

Tuanze na merikani. Nguo hii nyeupe-kijivu, nzito, isiyo na urembo, ilichukua jina la nchi ilikotoka. Ilifumwa kwenye viwanda vya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na wafanyabiashara wa bandari ya Salem, Massachusetts, ndio walioileta Zanzibar kwa meli na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mlango ulifunguliwa na ugomvi. Mfanyabiashara mmoja Mmarekani, Edmund Roberts, alifika Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1820, na hakuridhika hata kidogo na jinsi biashara ilivyoendeshwa pale. Akapeleka malalamiko yake kwa Seyyid Said bin Sultan mwenyewe. Matokeo yake ni mkataba uliotiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833: Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari za Sultani, na ushuru wao ukawa asilimia 5 ya mali inayoshushwa.

Kwenye karatasi, basi, biashara ilikuwa huru. Kwenye forodha mambo yalikuwa mengine. Aliyekodi ushuru wa Zanzibar alikuwa Jairam Shivji, tajiri kutoka Kutch, na kila bandari kubwa ilikuwa na mtu wake. Richard Waters, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, aliyefika 1837, alikuwa pia mfanyabiashara. Akaelewana na Jairam: mali yake ipite kwa Jairam, na Jairam amtafutie shehena ya kurudi nayo. Wafanyabiashara wengine, Wamarekani kwa Waingereza, walipiga kelele kwamba watu wawili wameukalia mkataba wa nchi mbili. Na kweli, ungefanya nini? Ungemshtaki balozi kwa nani, wakati malalamiko yako yalipaswa kupita kwa balozi? Hili ni jambo la kwanza la kushika: mkataba unaweza kuwa mzuri sana, lakini ukikosa mtu wa tatu wa kukusikiliza, unabaki mapambo ya ukutani.

Hata hivyo Waters na Jairam hawakuwa na amri ya mwisho. Aliyekuwa nayo ni mnunuzi wa mwisho, yule wa bara. Huyu alijua nguo. Aliishika, akaivuta, akainusa, akaangalia upana na uzito wake, na isipompendeza hakuichukua, hata umpe kwa bei ya kutupa. Msafara uliobeba nguo isiyotakiwa ulikuwa msafara uliokwama, kwa sababu nguo ndiyo ilikuwa pesa: kwa nguo ulinunua chakula, ukalipa hongo ya kupita, ukawalipa wapagazi. Waingereza walijaribu kuiga merikani wakaona cha mtema kuni. Watu walitambua kwamba siyo ile. Kwa hiyo barua zilizotoka Zanzibar kwenda Salem zilijaa maagizo: upana hivi, uzito hivi, msileteni ile ya safari iliyopita. Mwaka 1839 Salem wenyewe waliunda kampuni ya kufuma pamba kwa mashine za mvuke, Naumkeag, na merikani ya kupelekwa Afrika Mashariki ikawa sehemu ya biashara ya mji huo. Fikiria hilo kidogo. Mchungaji au mkulima wa bara, asiyejua Massachusetts iko wapi, alikuwa anawapangia mafundi wa huko waweke nyuzi ngapi.

Si kila mtu alifaidi. Mogadishu, Merka na Barawa kulikuwa na wafumaji wa futa benadir, nguo ya pamba iliyofumwa kwa mikono na kusafiri mbali tangu karne nyingi nyuma; Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu 1331, aliisifu nguo ya mji huo na kusema ilipelekwa hadi Misri. Merikani ya bei nafuu iliwabana wafumaji hawa sokoni kwao. Hawakufa mara moja. Walianza kutumia nyuzi za kiwandani kutoka India, wakashikilia wateja waliotaka nguo yenye rangi na pindo za kwao, na kazi hiyo ikaendelea hadi karne ya 20. Lakini tangu hapo bei ya kazi yao ilipangwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona. Sisi wa bara ya kaskazini, tulioleta mifugo, ngozi na pembe kwenye bandari hizo za Benadir, tulirudi na nguo ya mashine mgongoni mwa ngamia.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ikakosekana. Merikani ikapanda bei, ikaadimika. Huko Lancashire, Uingereza, viwanda vilivyokosa pamba ya kutosha viliizoea hila mbaya: kushindilia nguo uwanga na udongo mweupe ili ionekane nzito. Ukiishika dukani, unasema hii ni nguo. Ukiifua mara moja, unabaki na chandarua. Baada ya vita viwanda vya Bombay vilijifunza kufuma nguo ya aina ya merikani, vikiwa karibu na soko na wafanyabiashara wa Kihindi wa pwani wakiwa jamaa zao, na kabla karne haijaisha India ilikuwa imewapiku Wamarekani. Jina likabaki merikani hata ilipotoka Bombay. Ugomvi wa urefu na alama za uongo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sheria ya India ya 1889 kuhusu alama za biashara iliamuru nguo za jora zipigwe muhuri wa urefu wake kwa yadi. Kwa lugha nyepesi, serikali ilikiri kwamba mkono wa muuzaji hauaminiki.

Katika zama hizo zote, nani alibeba hasara? Mara nyingi ni yule wa katikati. Biashara ya Zanzibar iliendeshwa kwa mkopo: tajiri kama Taria Topan alitoa nguo na shanga kwa mkuu wa msafara, na mkuu akalipa akirudi na pembe, baada ya mwaka, miaka miwili au zaidi. Tippu Tip alikuwa mmoja wa wadeni wake wakubwa. Nguo ikioza njiani au ikakataliwa bara, deni halikuoza. Lakini pande zote zilijuana kwa sura, kwa ukoo, kwa msikiti au hekalu. Aliyedhulumu leo alihitaji mkopo kesho, na habari ilifika kabla yake.

Katika miaka ya 1930 nguo ya Japani ilifurika madukani kwetu. Uingereza ilitaka kuilinda Lancashire, na 1934 ikaweka mgao wa kuzuia nguo za Japani katika makoloni yake mengi. Kenya, Uganda na Tanganyika zikaponyoka. Sababu? Mikataba ya kimataifa ya Bonde la Kongo iliyotaka mataifa yote yapewe nafasi sawa ya kibiashara katika eneo hilo. Mkataba uliofanywa na wakubwa kwa ajili yao wenyewe ukamwezesha, bila kukusudia, mama wa Garissa au Tabora kununua nguo ya bei anayoiweza. Kwetu Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuingia na kutoka kulihitaji kibali cha serikali, lakini nguo ilipita na chai na sukari, ikabadilishwa kwa mbuzi na ngozi.

Sasa turuke hadi zama zetu, maana hapa meza ilipinduliwa kabisa.

Leo kampuni kubwa za nguo za Ulaya na Marekani hazifumi wala hazishoni. Zinabuni, zinatangaza, zinauza. Kushona wameachiwa wenye viwanda wa Bangladesh, Kambodia, Vietnam, Ethiopia, na hapa Kenya kwenye maeneo ya EPZ kama Athi River. EPZ zetu zilianzishwa kwa sheria ya 1990, na ushonaji ukashika kasi Marekani ilipopitisha AGOA mwaka 2000, iliyoruhusu nguo zetu kuingia huko bila ushuru. Kila sheria ya mbali ikitikisika, mashine za Athi River hutikisika pia. Tarehe 1 Januari 2005 mgao wa dunia uliokuwa ukiwabana Wachina ulikwisha, na viwanda vya Kenya vikaumia. Tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA ulifika mwisho bila kurefushwa kwa wakati, na wenye viwanda wakawa wanapokea oda wasijue itatozwa ushuru gani ikifika.

Angalia oda yenyewe inavyokwenda. Zamani kampuni iliyoagiza ilimpa mwenye kiwanda hati ya benki: benki yake inaahidi kulipa mara tu hati za meli zikionyeshwa zikiwa sahihi. Taratibu mtindo huo umepungua. Siku hizi wengi wananunua kwa kuaminiwa. Mwenye kiwanda ananunua kitambaa, uzi, zipu na vifungo kwa pesa yake au ya mkopo, analipa mishahara, anashona, anapakia melini, halafu anasubiri siku 60, 90 au zaidi. Akichelewa anakatwa bei, au anaambiwa apeleke kwa ndege kwa gharama yake. Yaani mwenye kiwanda wa nchi maskini anaikopesha kampuni ya nchi tajiri. Taria Topan angecheka.

Machi 2020 korona ikafunga maduka ya Ulaya na Marekani. Kampuni nyingi zilifungua mikataba yao zikatafuta kifungu cha janga lisilozuilika, kile kinachomwachilia mtu ahadi yake vita au tetemeko likitokea. Zikafuta oda. Baadhi ya nguo zilikuwa bado kitambaa, lakini nyingine zilikuwa zimeshashonwa na kukunjwa, na nyingine ziko baharini. Chama cha wenye viwanda cha Bangladesh kilihesabu oda za zaidi ya dola bilioni 3 zilizofutwa au kusimamishwa. Utafiti wa Mark Anner wa Chuo Kikuu cha Penn State, uliofanywa mwezi huohuo kwa kuwauliza wenye viwanda wa huko, ulionyesha kwamba oda zilipofutwa, asilimia 72.1 ya wanunuzi walikataa kulipia malighafi zilizokwisha kununuliwa, na asilimia 91.3 walikataa kulipia gharama ya kukata na kushona.

Wacha niulize swali la kisheria kwa lugha ya sokoni. Mtu akikuagiza ushone kanzu, ukaimaliza, kisha duka lake likafungwa, je, kanzu si deni tena? Wanasheria wengi walisema hivyo hivyo: kifungu cha janga ni cha mtu asiyeweza kutimiza, si cha mtu ambaye kutimiza kumekuwa ghali. Lakini kesi nyingi hazikufika mahakamani. Mkataba mara nyingi huandikwa na mnunuzi na huelekeza kesi kwenye mahakama za kwao. Mwenye kiwanda apande ndege, alipe wakili kwa pauni au dola, na akishinda apoteze mteja aliyekuwa akichukua nusu ya mali yake? Wengi walimeza. Kilichosaidia zaidi kilikuwa kelele: wanaharakati walianzisha mwito wa PayUp, yaani lipeni, wateja wakajaza kurasa za kampuni kwenye mitandao, na kampuni kadhaa kubwa zikarudi zikaahidi kulipa oda zilizomalizika. Nyingine hazikurudi. Kikundi cha Arcadia cha Uingereza, chenye maduka ya Topshop, kilikuwa miongoni mwa waliofuta oda, na Novemba mwaka huo chenyewe kikaanguka mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ukimdai aliyefilisika, unasimama kwenye foleni nyuma ya benki.

Hapa lazima nimtaje mama mdogo wangu, habaryar kwa lugha yetu, asije akasema nimeandika habari za wazungu tu. Miaka michache iliyopita yeye na wenzake walikusanya pesa za ayuto wakaagiza vitambaa vya baati kutoka kiwanda cha ng'ambo, kupitia dalali wa Nairobi. Walionyeshwa sampuli nzito, inayoanguka vizuri mwilini. Walilipa asilimia 30 mwanzo, na 70 iliyobaki kabla mzigo haujaondoka. Mzigo ulipofika, kitambaa kilikuwa chepesi hata ukiinua mkono jua linapita. Dalali alisema kiwanda kimemdanganya. Kiwanda kilisema dalali aliagiza daraja la chini. Mkataba ulikuwa jumbe za sauti kwenye simu. Waliuza kwa hasara, na mzunguko wa ayuto ukayumba mwaka mzima.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kiwanda cha aina hiyohiyo kinaweza kuishona shati la kampuni kubwa na kungoja malipo miezi mitatu, halafu kikadai mama wa Modogashe alipe yote kabla mzigo haujagusa maji. Kwa mkubwa, hasara ni ya kiwanda. Kwa mdogo, hasara ni ya mnunuzi. Tofauti haiko kwenye sheria wala kwenye kitambaa. Anayeweza kuondoka mezani bila kuumia ndiye anayepanga masharti. Mnunuzi wa merikani wa 1850 aliweza kuondoka, kwa sababu bila yeye msafara haukula. Mama mdogo hakuweza.

Kuna mtu ataniambia: ndiyo biashara ilivyo, mwenye nguvu mpishe. Mimi natoka mahali ambapo tulijaribu jibu jingine. Mwaka 2001, baada ya miaka ya mauaji na wizi wa mifugo, wazee wa jamii za kaskazini walikutana Modogashe na kufikia makubaliano ambayo sasa yanaitwa Azimio la Modogashe. Yalipitiwa upya Garissa 2005. Yalisema mifugo iliyoibwa irudishwe, anayetaka malisho ya wenzake aombe ruhusa kwanza, na damu ikimwagika diya ilipwe: ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Lina kasoro, na hiyo nusu ya mwanamke ni kasoro inayoonekana na kila mwenye macho. Wala halikumaliza vita. Damu imemwagika tena baada yake, na mpaka wa mji wetu bado unagombewa. Lakini lilijua kitu ambacho mikataba ya nguo imesahau. Anayelipa si mkosaji peke yake, ni ukoo wake. Kwa hiyo ukoo una sababu ya kumchunga kabla hajakosa. Na anayeamua hakai nchi ya mkosaji tu. Wazee wa pande zote wanakaa chini pamoja.

Hilo halihitaji ngamia ili lifanyike kwenye nguo. Uingereza tangu 2013 ina msuluhishi wa kisheria anayesimamia jinsi maduka makubwa ya vyakula yanavyowatendea wanaoyauzia mali moja kwa moja: huwezi kubadilisha masharti baada ya oda, na ukifanya hivyo unaweza kutozwa faini. Kwa nguo hakuna msuluhishi kama huyo, ingawa wanaharakati wamekuwa wakimdai. Kwa nini anayeuza maharagwe alindwe na anayeuza shati asilindwe? Na huku kwetu, vyama vya akina mama wanaoagiza pamoja wangeweza kuweka pesa mahali pa mtu wa tatu, isitoke hadi kitambaa kipimwe na kulinganishwa na sampuli iliyokatwa vipande viwili, kimoja kwa kila upande. Ni desturi ya zamani ya wenye maduka. Sheria ya 1889 ya kupiga muhuri wa urefu ilitokana na wazo hilohilo.

Barabara ya kutoka Isiolo kupita Modogashe hadi Mandera inajengwa. Lami ikikamilika, mizigo itakuja haraka zaidi, na hasara pia itakuja haraka zaidi. Vijana wetu wataagiza moja kwa moja kutoka ng'ambo kwa simu, na pengine siku moja mtu atafungua karakana ya kushona hapa na kupokea oda ya nje. Huyo namwomba asome mkataba wake kutoka mwisho kwenda mwanzo. Masharti ya kesi na ya janga huandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, na ndiyo yanayosema nani atalala njaa meli ikichelewa.